Kidari Kimegoma Nyuzi 68

Aliyeniponza ni simu. Nimeshakula ugali wangu na dagaa, badala ya kulala nikaanza kutazama wanaume wa Texas wakibanika kidari cha ng'ombe kwa moshi. Chumvi, pilipili manga, basi. Wanakiweka usiku, wanakaa kwenye viti kama wastaafu, kesho yake wanakata kipande kinalegea kama andazi la moto. Nikamtangazia mke wangu: Jumapili saa saba mchana, kidari cha moshi. Naye badala ya kuniuliza kama nina homa, akampigia mama yake Sengerema.

Zamani mama mkwe akitoka Sengerema kuja kwetu Mwanza ulikuwa na pa kupumulia. Foleni ya kivuko pale Busisi ilikuwa inakutetea. Siku hizi hakuna. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kilomita 3 za maji mtu anazikata kabla hajamaliza kumenya chungwa.

Buchani nikasema, "Nipe kidari kizima, hakina mfupa, usikikate." Nilipofika kwenye "usikikate" panga lilikuwa tayari hewani.

"Kizima utakitafunaje, anko?"

Nikamweleza. Akashusha panga. Nikageuka kutoa hela, nikasikia upepo: kapandisha tena. Si ubaya, ni mkono umezoea. Tukaenda hivyo mara tatu, mpaka nikakikumbatia kidari mwenyewe na shati langu jeupe. Kilo tatu na nusu. Cha Texas kinafika kilo sita na mafuta unene wa kidole. Changu mafuta yake ni kama karatasi ya daftari. Ng'ombe wetu huyu mwenye nundu ametembea kutafuta majani maisha yake yote, atanenepa saa ngapi?

Halafu kifua chenyewe ndicho kazi yote. Ng'ombe hana mtulinga, ule mfupa wa chini ya shingo, kama mimi na wewe, kwa hiyo uzito wa mbele unaning'inia kwenye ile misuli ya kifua. Ngumu hiyo. Ndiyo maana wanakipa moto mdogo, nyuzi 110 hadi 120, saa kumi na zaidi, mpaka kano ziyeyuke ziwe ule ute unaonata midomoni ukinywa supu ya makongoro. Hayo yote niliyajua. Kujua si shida.

Shida ya kwanza ilikuwa kuni. Maelezo yalisema Texas wanatumia mwaloni. Mwaloni! Mimi mtu wa Mwanza, nikadandia daladala mpaka Kirumba. Nikazunguka soko zima la samaki, ambalo jina lake nalo ni Mwaloni, nikiuliza kuni za mwaloni, na kila mtu ananijibu, "Ndiyo hapa, kaka, umefika." Hakuna aliyenidanganya. Mzee mmoja akaniuzia mzigo aliokuwa ameuhifadhi chini ya chanja za samaki, kuni zimechuruzikiwa mafuta ya sangara mpaka zinang'aa. Nikaona ni ubora.

Shida ya pili, pipa. Fundi wa kuchomelea alilikata mlango, akaweka wavu na bomba la moshi, kazi safi. Lakini mimi naishi Mabatini, juu kule kwenye mawe, nyumba ambayo mgeni akifika anaomba maji kabla ya kusalimia. Bodaboda akalitazama pipa la lita 200, akautazama mlima, akaniambia, "Bosi, mimi nina familia." Nikalipandisha mgongoni. Kwenye lile jiwe la pili kutoka kwa mama muuza mkaa niliteleza, pipa likatangulia kushuka likipiga kelele kama bendi ya shule. Nikalifuata. Tukaanza upya.

Saa nane usiku nikawasha. Giza, baridi, nimejifunga kitenge cha mke wangu kichwani, nimekaa kwenye ndoo, macho mekundu yanachuruzika machozi kwa ule moshi. Sasa jiulize wewe jirani umetoka kwenda chooni, unaona moto nje usiku na mwanaume anafuta machozi. Utasema nini?

Wa kwanza alikuja saa kumi na moja. "Pole sana, baba. Ni nani?"

Nikasema, "Ni kidari."

"Ooh. Kifua kinaua sana siku hizi."

Mpaka kumepambazuka nilikuwa na wazee wanne wamekaa kimya juu ya mawe, mama mmoja kaleta mchele kwenye bakuli, na mjumbe kafungua daftari la rambirambi, jina la kwanza shilingi elfu mbili. Nilipofunua pipa kuwaonyesha marehemu, yule mzee wa elfu mbili alidai hela yake pale pale.

Kufika saa moja asubuhi kipimajoto, kile cha sindano, kinasoma 68. Safi. Saa mbili, 68. Saa tatu, 69. Nikashangilia. Saa tatu na robo, 68. Nyama inarudi nyuma! Mke wangu akachomoa sindano, akaichovya kwenye chai yake: 81. Kipimajoto kizima. Aliyegoma ni kidari.

Texas wanalijua hili. Nyama inatoa jasho, jasho likikauka linaipoza, kama wewe unavyopoa kwenye upepo baada ya kupanda Mabatini. Kwa hiyo moto unaongeza joto, jasho linaliondoa, mnatazamana hapo saa kadhaa. Ndiyo, najua sababu. Lakini ukiwa na njaa sababu haishibishi, nami nikawa nafunua kila dakika tano kuona kama kuna mazungumzo.

Saa tano, "Mwangaluka!" Mama mkwe.

Nikainama, "Shikamoo mama," nikarudi nyuma hatua tatu kama heshima inavyotaka. Mama mkwe wangu hazungumzi nami moja kwa moja. Kitu kingine nilichosahau kuwaambia: amebanika sangara tangu kabla mimi sijazaliwa. Akasimama mita moja kutoka kwenye pipa, akanusa, akamgeukia binti yake.

"Mwambie mumeo moshi mweupe hivi ni wa kufukuzia nyuki."

Mke wangu akanigeukia. "Mama anasema..."

"Nimesikia."

"Mwambie moshi mzuri hauonekani, unanuswa. Na akifunua kila saa, anapasha joto Mwanza nzima."

"Mama anasema..."

"Mwambie mama asante."

"Anasema asante."

Wakati huo upepo wa ziwani ukaamka, moshi wote uliokuwa ukishuka kwa majirani ukageuka ukaingia chumbani kwetu, kwenye neti na kwenye gauni la mke wangu la kanisani. Huko sitaki kwenda.

Mama mkwe akaagiza, kupitia ubalozi, nipunguze kuni, niweke za mpera, nifunge nyama kwenye karatasi. Texas nao hufunga, jasho likose pa kukaukia. Nikafunga na kaki. Saa nane sindano ikasoma 74, nikataka kulia, safari hii machozi halali. Saa kumi ikafika 94, nikaipumzisha saa nzima huku wageni wa saa saba wakila wali wa ule mchele wa msiba.

Nikashika kisu. "Mwambie mumeo akate kukingama na nyuzi, asizifuate." Nikageuza.

Upande mwembamba ulikuwa soli ya kandambili, sitaficha. Lakini upande mnene, jamani! Kipande kilikatika kwa uzito wake chenyewe, ute ukabaki kwenye vidole. Mwanangu akatafuna, akawaza, akauliza, "Baba, huyu sangara mbona hana miiba?"

Mama mkwe alikula kimya, vipande vitatu, vyote vya upande mnene. Akanawa. Akalizunguka pipa, akagonga bomba kwa kidole, akafungua mlango, akafunga.

"Mwambie mumeo hili pipa linafaa samaki."

Mke wangu akanitazama. Mkwe hanyimwi. Saa kumi na mbili nilikuwa kwenye lile jiwe la pili, pipa mgongoni, bado la moto, nashuka kinyumenyume. Pale chini bodaboda yule yule alikuwa ameegemea pikipiki yake. Akaniona, akawasha, akaondoka.