Andika Jina Lako Kwenye Jiwe

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye soko moja la vitu vya zamani hapa Ohio, nimeshika kigumba cha mshale cha gumegume, lile jiwe gumu linalobanjika na kutoa ukingo mkali. Kikaratasi chake kinasema: Flint Ridge (machimbo ya kale ya gumegume hapa Ohio), miaka 2,000. Bei, dola 85. Kando yangu alisimama baba na binti yake wa miaka tisa hivi, na yule mtoto alikuwa ameshakikodolea macho. Nikakigeuzageuza kwenye mwanga. Kingo zilikuwa mbichi kabisa, na ndani ya vijishimo vya ubavuni mlikuwa bado na unga mweupe, ule unaobaki ukisugua ukingo wa jiwe kabla ya kulibanja. Unga ule hauvumilii mvua za msimu mmoja, sembuse karne 20 udongoni. Kigumba kile kilichongwa juzi.

Nikamwambia muuzaji kwa adabu. Akajibu kwamba naye alikinunua hivyo hivyo, akaambiwa ni cha kale. Namwamini, na hilo ndilo lililoninyima usingizi. Inawezekana kabisa fundi aliyekichonga alikiuza kwa haki, kama kitu kipya, ila hakuandika jina lake. Jiwe likapita mikono mitatu minne, na kila mkono ukaliongezea umri.

Nasema haya nikiwa mtu wa ndani. Huu ni mwaka wa tatu najifunza kuchonga kwa mzee mmoja, kwenye banda nyuma ya nyumba yake. Namwita Mzee, na siku hizi anaitika. Zana zake ni kipande cha ngozi pajani, jiwe la mviringo la kugongea, pembe ya kulungu, na kijiti chenye ncha ya shaba cha kubanulia vibanzi vidogo. Kabla ya yote hugonga jiwe kidogo na kulisikiliza: lenye ufa hutoa sauti ya chungu kilichopasuka, zima hulia kama kengele. Ukimwona akibonyeza, pumzi imesimama, kibanzi kinaachia na kudondoka kwenye ngozi, chembamba hata mwanga unapita. Mafundi hawa nawapenda mno. Ndiyo maana nimekasirika, na ndiyo maana nawaomba wachongaji wenzangu: kila jiwe mnalochonga, andikeni jina lenu na mwaka.

Nimekulia Iringa. Darasa la sita tulipelekwa Isimila, eneo la mambo ya kale karibu na mji, tukaona mashoka ya mawe yamelala chini, mengine makubwa kuliko viganja vyetu. Mwalimu akatukataza kuokota hata moja. Wakati ule nilidhani ni ukali tu, leo namwelewa. Jiwe halina umri usoni. Mti una pete zake, mfupa na mkaa hupimwa maabara, lakini gumegume liliumbika mamilioni ya miaka kabla ya mtu kuligusa, na siku lilipochongwa haikuandikwa popote ndani yake. Sisi tunachonga gumegume lile lile la Flint Ridge walilochimba watu wa kale. Tarehe tunaipata pale lilipolala: tabaka la udongo, mkaa wa moto uliowashwa karibu yake. Ukiling'oa pale umelinyamazisha. Na ukimwaga vibanzi vyako vipya mahali kama pale, umeupotosha ushahidi kwa watakaochimba baada yetu. Vibanzi vyenu vizikeni shimo moja na sarafu ya mwaka huu, watakaovikuta wajue.

Uingereza ya karne ya 19 ilikuwa na Edward Simpson, maarufu kama Flint Jack. Alichonga vigumba na kuwauzia wakusanyaji kama vitu vya kale, mpaka mwaka 1862 alipoonyesha ufundi wake mbele ya wataalamu London. Upande wa pili yupo Ishi, wa mwisho wa Wayahi, kabila la wenyeji wa asili wa California. Tangu 1911 hadi alipofariki 1916, makazi yake makuu yalikuwa makumbusho ya San Francisco, na huko alichonga vigumba vya kustaajabisha, vingine kwa kioo cha chupa. Vilivyotunzwa kwa jina lake vinasomwa mpaka leo, na mkono wake unatambulika. Kuwa vya karne ya 20 hakujavipunguzia chochote.

Wapo wasemao maandishi yanaharibu uzuri. Kalamu ya ncha ya almasi huacha mkwaruzo mwembamba kama unywele, tena pale kitakoni ambapo uzi wa kukifungia kwenye mshale ungepafunika. Wengine wanasema tapeli ataufuta. Sawa, hilo nakubali. Lakini itambidi akae chini ausugue, akijua anachofanya, na kitako kilichosuguliwa nacho hubaki na alama. Leo hahitaji hata kusema uongo. Tumemwachia jiwe tupu.

Na barakoa vaeni, jamani. Vumbi la mawe tunayochonga likiingia mapafuni halitoki.

Yule binti alikirudisha kigumba mezani taratibu, kwa mikono miwili. Uso wake ndio ulionipeleka dukani. Jana nilimpelekea Mzee kalamu ya almasi. Amechonga zaidi ya miaka 30 bila kuandika jina hata mara moja. Aliishika kimya kwa muda, kisha akafungua droo na kutoa kigumba kimoja chekundu, cha kwanza alichoweza kukimaliza bila kukivunja. Akaniuliza kama nadhani ulikuwa mwaka gani. Mimi ningejuaje? Akafikiri tena, akatikisa kichwa, akaandika jina peke yake.