Alama ya akili mnemba nyumbani ianzie kwenye sauti

Naishi Guangzhou, China, nawanunulia mizigo wafanyabiashara wa Kariakoo. Kutwa niko kwenye simu: WeChat na Wachina, WhatsApp na watu wa nyumbani. Huku, tangu tarehe 1 Septemba 2025, sheria inataka picha, video, maandishi na sauti zilizotengenezwa kwa akili mnemba zitambulishwe, kwa alama ya wazi na nyingine iliyofichwa ndani ya faili. Mwenye mtandao naye lazima akague. Akiona dalili tu, anaandika kuwa kitu hicho kinashukiwa.

Kilichonivutia zaidi ni sauti. Kiwango chao kimeweka hadi mlio wa kuitambulisha: mfupi, mrefu, kisha mfupi, mfupi, yaani A na I (AI, kifupi cha Kiingereza cha akili mnemba) kwa alfabeti ya Morse, ile inayoandika herufi kwa milio mifupi na mirefu. Hata asiyejua kusoma anaweza kuuzoea.

Nyumbani watu wanaishi kwa sauti. Shangazi yangu wa Tanga hana muda na ujumbe mrefu. Anasikiliza huku anakuna nazi, kisha anasambaza kwa ukoo mzima. Majuzi ilikuwa sauti ya kiongozi anaahidi mikopo isiyo na riba, mradi utangulize hela ya fomu. Lafudhi ileile, hata kule kukohoa kwake. Hadi tunashtuka, ndugu wawili walishatuma hela.

Sheria yetu ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamwadhibu anayesambaza uongo kwa kukusudia. Sawa, lakini inafika hela ikiwa imeshaliwa. Mzigo wa kwanza wangebebeshwa wanaotengeneza programu hizi na wenye mitandao. Tapeli hatengenezi programu, anaitumia tu. Ikitoa sauti yenye mlio tayari, kazi yake inakuwa ngumu.

Najua China inabana mitandao kupita kiasi, na hilo siwaombei ndugu zangu. Lakini Umoja wa Ulaya nao, kwa sheria yake ya 2024, umeweka wajibu wa kutambulisha vitu hivi, na faini inaweza kufika euro milioni 15 au asilimia 3 ya mapato ya kampuni ya mwaka, duniani kote.

Alama iliyofichwa inaweza kupotea mtu akirekodi sauti upya kwa simu nyingine. Kwa hiyo wabunge wetu wakikaa kuandika, wadai mlio unaosikika, tena mwanzo, katikati na mwisho, maana tapeli atakata mwanzo kabla ya kitu kingine chochote.