Kanga ya kwetu, kiwanda cha wengine

Lawama inayosikika sana kwenye maduka ya kanga, iwe Kariakoo, Darajani au Mombasa, ni kwamba kanga imeharibika kwa sababu inatengenezwa nje. Inafumwa na kuchapwa India au China, inashushwa bandarini kwa kontena, na ikifuliwa mara chache imepauka. Wenye lawama hiyo wanataka viwanda virudi nyumbani. Wanaamini vikirudi, ubora utarudi, ajira zitarudi na faida itabaki hapa.

Nakubaliana nao kwenye ajira bila kusita. Kwenye faida nakubali kwa sehemu. Kwenye ubora nadhani wanamlaumu asiyehusika, na kosa hilo linatuponza, kwa sababu tukishakosea chanzo cha ugonjwa tunakosea na dawa.

Kwanza historia, maana tunaisahau haraka. Kwa muda mrefu wa maisha yake kanga imetoka nje. Hata kabla ya kanga, nguo iliyotawala pwani na misafara ya bara ilikuwa merikani, kitambaa kizito cha pamba kilichofumwa New England na kuletwa Unguja na meli za Salem, Massachusetts. Wanunuzi wake walikuwa wakali. Walijua uzito wake na ufumaji wake, na Waingereza walipoleta kitambaa cha kukiiga walipata tabu kukiuza. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilivuruga biashara hiyo, na baadaye viwanda vya Bombay vikachukua nafasi. Kanga yenyewe ilipoenea mwishoni mwa karne ya 19 ilichapwa Uingereza, Uholanzi na India, kisha Japani ikawa na zamu yake ndefu. Mchoro, rangi na jina vilitoka huku, kwa wafanyabiashara wa Unguja na Mombasa waliojua wanawake wanataka nini msimu huu. Mashine zilikuwa kwa wengine.

Kwa hiyo kanga nyingi ambazo bibi zetu walizihifadhi sandukuni, zile tunazozisifu kwamba zilidumu mpaka zikarithiwa, nazo zilitoka ng'ambo. Zilidumu kwa sababu aliyeagiza aliagiza nguo nzuri, na aliyenunua alikataa mbovu.

Chukua kanga mbili dukani leo, moja nzuri na moja hafifu, uziangalie kwa makini. Ile hafifu mara nyingi ndiyo inayosimama wima mkononi, kwa sababu imejazwa wanga. Ukiifua mara moja wanga unaondoka, na unabaki na kitambaa kama chandarua. Igeuze: kwenye kanga nzuri rangi imepenya hadi nyuma, kwenye mbovu mgongo umepauka kabla hata hujaivaa. Chomoa uzi pembeni uuchome. Pamba inakuwa jivu laini lenye harufu ya karatasi iliyoungua. Polista inajikunja, inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Mwisho tazama pindo. Likiwa limekwenda mshazari, fundi wa kupinda atalazimika kukata ili linyooke, na mji wa kanga utakaa upande.

Kila kasoro kati ya hizo ni matokeo ya oda. Unene wa uzi, wingi wa nyuzi katika inchi moja, aina ya rangi, kiasi cha polista: yote hayo yanapangwa kabla mashine haijawashwa. Jetpur, mji wa Gujarat ambao umeishi kwa kuchapa nguo, zikiwamo kanga za soko letu, unaweza kutoa nguo nzito na nguo nyepesi, kulingana na bei atakayolipa mwagizaji. Mwagizaji naye anaagiza nyepesi kwa sababu anajua mteja wake atalinganisha bei kabla ya kulinganisha uzito. Uamuzi wa ubora unafanyika Dar es Salaam na Mombasa, kwenye simu, kabla ya kufika India.

Jambo hili halipo kwenye kanga peke yake. Mwaka 2007 kampuni ya Mattel ya Marekani iliagiza mamilioni ya vitu vya kuchezea watoto vilivyotengenezwa China virudishwe. Dunia ikainyooshea China kidole. Septemba mwaka huohuo ofisa wa juu wa Mattel alikwenda Beijing akaomba radhi na kukiri kwamba sehemu kubwa ya vitu vile ilirudishwa kwa kasoro ya usanifu wa Mattel yenyewe: sumaku ndogo zilizoweza kubanduka na kumezwa na watoto. Rangi yenye madini ya risasi lilikuwa kosa la viwandani kweli, na ni kosa zito, lakini lilihusu sehemu ndogo zaidi ya vitu hivyo.

Hata hivyo upande wa pili una hoja, na sitaki kuipita juu juu. Umbali unapunguza uwezo wa kusimamia. Kiwanda kikiwa Ubungo, mwenye oda anaweza kwenda getini, akashika jora la kwanza, akasema rangi hii siyo. Kiwanda kikiwa ng'ambo, anaona picha kwenye simu. Kontena likifunguliwa na pindo limekwenda mshazari, pesa zimeshalipwa, sikukuu imekaribia, na mfanyabiashara mdogo hana namna zaidi ya kuuza alichoshushiwa. Mwenye mtaji mkubwa anaweza kuweka mkaguzi wake kule. Wengi wa waagizaji wetu hawawezi. Kwa hiyo mahali pa kiwanda panahusika na ubora, ila kwa njia ya usimamizi tu.

Tulikuwa na kipindi cha kufuma wenyewe, na kila anayedai viwanda virudi anakitaja kwa fahari. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilianza kazi mwaka 1968. Kulikuwa na Mwatex Mwanza na Mutex Musoma. Kenya walikuwa na Kicomi Kisumu na Rivatex Eldoret. Pamba ilitoka kwetu, ikasokotwa, ikafumwa na kuchapwa kwetu, na nguo ilikuwa nzito kweli. Lakini anayekumbuka 1968 lazima akumbuke na 1983. Fedha za kigeni zilikuwa zimekauka, vipuri havipatikani, umeme na maji ni wa kubahatisha, na kanga Tanzania ikawa bidhaa ya foleni na ya kujuana. Mwaka 1984 Serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, nguo za nje zilipokelewa kama neema. Mama aliyekosa kanga ya kumbebea mtoto hakuwa na sababu ya kukililia kiwanda kilichoshindwa kumpatia. Anayetaka kufunga milango leo ana wajibu wa kueleza ni kitu gani kitazuia hali ile isirudi.

Ajira ndiyo inayoniuma. Kiwanda cha nguo cha hatua zote kinashika mnyororo mrefu: mkulima wa Simiyu na Shinyanga, jineri ya kuchambua pamba, msokotaji, mfumaji, mpishi wa rangi, mchoraji, fundi mitambo, fundi umeme, mpaka mama anayepika chakula nje ya geti. Urafiki iliajiri maelfu. Viwanda vilipoyumba miaka ya 1990, vingine vikafungwa na vingine vikauzwa, mishahara haikuwa hasara pekee. Ulipotea ujuzi. Mtu anayejua kwa kusikia tu kwamba mashine ya kufuma inataka kukata uzi hafundishwi kwa semina. Anatengenezwa kwa miaka akiwa kando ya mtu mwingine anayejua. Kundi lile limezeeka bila kurithisha. Leo sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania inaondoka nchini ikiwa imechambuliwa tu, imefungwa marobota, kisha nguo inanunuliwa kutoka kwa waliosokota na kufuma. Kazi zote zilizoko kati ya robota na doti tumewaachia wao.

Ni haki kuhesabu na kazi zilizoletwa na nguo za nje. Wenye maduka, wachuuzi, wapinda kanga, mafundi cherehani, akina mama wanaokopesha doti kwa malipo ya kidogo kidogo: ni watu wengi mno, na bei nafuu ndiyo mtaji wao. Ushuru ukipanda ghafla, hao ndio wa kwanza kuumia. Tofauti ni kwamba kazi hizo hazimkuzi mtu kwenda hatua inayofuata. Miaka ishirini ya kuuza kanga haimfundishi mtu kufuma.

Halafu kuna upande ambao mijadala yetu inausahau: sisi nasi ni ng'ambo ya wengine. Sheria ya AGOA, iliyosainiwa Marekani Mei 2000, iliruhusu nguo kutoka nchi nyingi za Afrika kuingia soko lao bila ushuru, na viwanda vya Kenya vilivyoko kwenye maeneo huru ya kutengeneza bidhaa za kuuza nje, hasa Athi River, vikaajiri makumi ya maelfu ya watu, wengi wao wanawake, kushona suruali za jinzi na mashati kwa maduka ya Marekani. Miaka hiyohiyo Levi's, kampuni ya jinzi ya Marekani, ilikuwa inafunga viwanda vyake vya nyumbani. Vya mwisho, San Antonio, Texas, vilisimama kati ya 2003 na 2004. Mama wa San Antonio aliyepoteza kazi alikuwa na uchungu uleule wa mfanyakazi wa Mwatex. Siwezi kumwambia dada wa Athi River kwamba kazi yake ni ya wizi, na siwezi kumwambia yule wa Texas kwamba hana la kulalamikia. Ninachokiona ni udhaifu wa aina hii ya ajira. AGOA iliruhusu nguo kushonwa kwa kitambaa cha nchi nyingine yoyote, hivyo kilichokuja Kenya kilikuwa hasa cherehani, na cherehani huhama kwa urahisi. Muda uliowekwa na Bunge la Marekani mwaka 2015 ulipokaribia kwisha, Septemba 2025, riziki ya watu wale ilikuwa inategemea kura za wabunge wasiowajua.

Faida inafuata njia yake, na mara nyingi njia hiyo haipiti kiwandani. Watafiti wa Marekani walipochambua bei ya simu ya iPhone ya mwaka 2010 walikuta Apple inabaki na asilimia 58.5 ya bei kama faida, na ujira wa wafanyakazi wa China ni asilimia 1.8. Aliye na mchoro, jina na soko ndiye anayevuna. Kwa hesabu hiyo waagizaji wetu wangepaswa kuwa matajiri, maana mchoro na jina la kanga ni wetu. Kinachowakwamisha ni kwamba mchoro hauna ulinzi. Ukipendwa, nakala ya kitambaa chepesi inaingia sokoni haraka kwa bei ya chini, na aliyebuni analazimika kushusha uzito wa nguo yake ili ashindane na wizi wa kazi yake mwenyewe. Hapo ndipo ubora unapouawa.

Linganisha na Vlisco, kampuni ya vitambaa ya Helmond, Uholanzi, iliyoanza mwaka 1846. Nayo imenakiliwa sana, lakini imeendelea kuchapa vitenge vya wax kwenye nchi yenye mishahara mikubwa, na Kinshasa au Lubumbashi bado kuna wanaojinyima ili waipate halisi, kwa sababu wanajua kuitambua na jina limelindwa kwa wivu.

Ushuru peke yake tumeshaujaribu. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulioanza 2005 uliweka kanga, kitenge na kikoi kwenye orodha ya bidhaa nyeti, asilimia 50. Wenye viwanda wamelalamika miaka yote kwamba mizigo inaingia kwa ankara zenye bei ya uongo au kwa njia za panya, na ukiingia dukani unaona wana sababu ya kulalamika. Upande wa pili, mwenye kiwanda anayekopa benki kwa riba ya asilimia 15 na zaidi, anayewasha jenereta umeme ukikatika, hawezi kumshinda mwagizaji ambaye mtaji wake unazunguka mara kadhaa kwa mwaka. Hata mimi ningekuwa na mtaji huo, ningeagiza.

Kwa hiyo ningeanza na mambo ambayo hayamtoi mnunuzi pesa ya ziada. Kila doti iandikwe pindoni imefumwa wapi na ina pamba asilimia ngapi, na shirika la viwango lipime na kuadhibu anayedanganya. Mchoro usajiliwe kwa gharama ndogo, na nakala zikamatwe bandarini, si kwa mchuuzi wa barabarani. Kisha zitumike oda kubwa zilizopo tayari. Sare za shule, mashuka ya hospitali, nguo za majeshi, vitenge vya Machi 8, kanga za vyama wakati wa uchaguzi: hizo ni mita nyingi mno za kitambaa cha aina moja, zinajulikana miezi mingi kabla, na sehemu yake kubwa inalipwa na Serikali au na watu wanaosimama jukwaani kuhimiza viwanda. Rivatex ilinunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007 na ikazinduliwa upya 2019 ikiwa na mashine mpya zilizopatikana kwa mkopo wa India. Mashine za namna hiyo zinahitaji kazi ya mfululizo ili zilipe deni lake, na mnunuzi wa doti moja hawezi kuzipa. Wanaoweza ni wizara ya elimu, wizara ya afya na makatibu wakuu wa vyama, na kila mmoja wao anaweza kuanza na zabuni yake inayofuata.