Anayetununulia silaha awe amewahi kushika spana

Nimekulia Bombo, mji wa kambi ya jeshi hapa Uganda. Huku Kiswahili hakikungoja Baraza la Mawaziri likae mwaka 2022 kukipa hadhi. Ni lugha ya kambi na ya soko tangu enzi za babu zetu, na habari za vifaa vya jeshi tunazisikia vibarazani kama wenzetu wanavyosikia za mpira. Kuna jambo limenikaa moyoni siku nyingi: mtu anayesimamia ununuzi wa vifaa vya ulinzi vya nchi hii awe mhandisi, tena mhandisi aliyeanzia karakana, akapanda polepole.

Wa rika langu wanazikumbuka helikopta za Belarus. Mwishoni mwa miaka ya 1990 serikali iliagiza Mi-24 nne zilizokwisha kutumika, na zilizofika zikaonekana hazifai kuruka. Tume ya Jaji Julia Sebutinde ikachunguza, kamisheni ya dola 800,000 ikatajwa hadharani, na mpaka leo ukigusia habari hiyo watu hukimbilia hiyo kamisheni. Mimi huwa nakwama mahali pengine. Helikopta ina vitabu vyake. Injini ina kitabu, giaboksi ina kitabu, panga zake zina kitabu, na humo zimeandikwa saa zilizokwisha kuruka na saa zilizobaki kabla ya kufunguliwa na kufanyiwa matengenezo makubwa. Aliyezoea kuvisoma akipewa asubuhi moja, pamoja na ngazi na tochi, atakuambia ananunua ndege au ananunua chuma. Sauti ya mtu huyo ilipaswa kuwa na nguvu kuliko sahihi zote za mezani, kabla dola moja haijatoka.

Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa magari katika karakana moja ya umma. Siku moja ya likizo alinichukua kazini. Yalikuwa yameletwa malori, rangi mpya inang'aa, matairi meusi ti. Baba akatandika gunia, akaingia chini ya lori la kwanza na bisibisi. Nikaona mkono wake unakwaruza fremu, na chini ya rangi ikatoka kutu, vipande vikubwa kama maganda ya muhogo. Mkubwa wake akaja na karatasi, akamwambia, "Mzee, weka sahihi, magari yanasubiriwa." Baba akajifuta mikono, akajibu, "Bosi, nitaweka sahihi kwamba yamefika. Kwamba ni mazima, hapo siwezi." Malori yalipokewa vivyo hivyo, kwa sahihi ya mtu ambaye hakuinama hata kuchungulia. Baba alirudi nyumbani hasemi, akaoga, akalala bila kula.

Mwaka 2011 zikaanza kuja ndege sita za kivita za Kirusi, Sukhoi Su-30, kwa takriban dola milioni 740, na fedha zikatolewa kabla Bunge halijaidhinisha. Mabishano yakawa makali, na yalistahili kuwa makali. Lakini ndege ya kivita utakaa nayo miaka 30, na kila mwaka inadai spea, mafuta, mafunzo na mafundi. Hesabu hiyo huwezi kuifanya ukiwa na kikokotoo peke yake.

Sheria yetu ya ununuzi wa umma ya 2003 inaviruhusu vyombo vya ulinzi na usalama kununua kwa orodha mbili, ya wazi na ya siri. Sina ugomvi na siri. Hakuna nchi inayomwonyesha adui ghala lake. Ninachokataa ni siri ya bei kugeuka blanketi la kufunika ubovu.

Ufaransa wana taasisi yao ya ununuzi wa silaha, DGA, ya tangu 1961. Ina vituo vyake yenyewe vya majaribio, kikiwemo cha ndege huko Istres. Kuanzia 2017 hadi 2022 iliongozwa na Joël Barre, mhandisi aliyepitia kazi za anga za juu na kuongoza kituo cha kurushia roketi cha Guiana kabla ya kukabidhiwa kiti hicho. Alikuwa amepita sehemu ambazo mtambo ukikudanganya, unalipuka mbele yako. Mtu wa namna hiyo akikaa na muuzaji, muuzaji hupunguza maneno.

Najua nitakachoambiwa: wahandisi nao hula. Ni kweli, wapo. Ndiyo maana sitaki tuishie kwenye kiti cha juu. Uganda tuna Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na mhandisi aliyesajiliwa ana namba yake. Kila kifaa cha ulinzi kinachopokewa, hata cha orodha ya siri, kiwe na jina na namba ya mhandisi aliyekifungua na kukijaribu. Kikija kuonekana kibovu, aanze kuulizwa yeye, na leseni yake iwe hatarini. Tunao chuo cha uhandisi cha jeshi Lugazi, tunao Luwero Industries kule Nakasongola wanaotengeneza risasi na kukarabati silaha. Mkurugenzi wa ununuzi atoke humo: miaka kumi kwenye mitambo, kisha ajifunze mikataba na sheria. Kumfundisha mhandisi mikataba inawezekana. Kumfundisha mtu wa mikataba kusikia injini inayokaribia kufa, sijaona.

Juzi mpwa wangu, anayemaliza uhandisi wa mitambo Chuo Kikuu cha Kyambogo, aliniuliza, "Mjomba, nikiomba kazi huko kwenye ununuzi, watanipa ofisi au gereji?" Nikamwambia aombe gereji. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama bisibisi ya babu yake bado ipo. Ipo. Nimempelekea Ijumaa, mpini wake umefungwa utepe mweusi kama baba alivyouacha.