Kizuia joto cha asbesto kwenye bomba la zamani: kibanduliwe au kiachwe?

Tangu maji ya Ziwa Victoria yafike Tabora, mafundi bomba wana kazi. Nyumba za enzi za mkoloni, zile za veranda pana na miembe uani, na kota za zamani za reli zinabadilishiwa mfumo wa maji. Mabomba ya chuma yaliyoliwa na kutu yanang'olewa, yanawekwa ya plastiki. Baadhi ya nyumba hizo zilikuwa na boila ya kuni nyuma ya jiko, na bomba la maji moto lililotoka hapo kwenda bafuni lilivishwa kitu cheupe kama plasta, kikazungushiwa kitambaa, kikapakwa rangi ya mafuta. Kitu hicho huenda ni asbesto.

Nasema huenda kwa sababu macho hayatoshi kuitambua. Zamani mabomba ya moto yalivishwa vitu vingi, ikiwemo sufi ya kioo, na kwa sura vinafanana. Anayeweza kusema kwa uhakika ni mtaalamu wa maabara mwenye darubini. Asbesto ni madini ya nyuzinyuzi. Haiungui, inazuia joto, na ilikuwa rahisi kupatikana, ndiyo maana iliwekwa kwenye maboila, injini za treni za mvuke na vyumba vya mashine vya meli. Ubaya wake uko kwenye hizo nyuzi. Zikipeperuka hazionekani, na zikivutwa hukaa mapafuni. Huleta asbestosisi, yaani mapafu kukakamaa, na saratani ya mapafu, na mesothelioma, ambayo ni saratani ya utando unaofunika mapafu au tumbo. Mara nyingi miaka 20 hadi 40 hupita kabla ugonjwa haujajitokeza. Shirika la Afya Duniani limeshasema kwamba aina zote husababisha saratani, hata ile nyeupe iitwayo krisotaili. Uingereza iliipiga marufuku mwaka 1999, Afrika Kusini 2008.

Mwenye nyumba akisikia hayo, la kwanza linalomjia ni kubandua na kutupa. Hoja yake ina uzito. Kizuia joto cha bomba si sawa na bati la asbesto tulilozoea kuliona juu ya kota. Kwenye bati, nyuzi zimeshikwa na saruji, na kwa kawaida asbesto yenyewe ni kama asilimia 10 hadi 15 tu. Embe likiangukia bati hilo na kulipasua, vumbi linatoka, lakini si sana. Kwenye bomba, asbesto inaweza kuwa sehemu kubwa ya mchanganyiko wote, na ikizeeka humomonyoka kwa vidole. Angalia kwenye kona ya bomba, pale linapopinda kuingia ukutani: kitambaa kimechanika, na chini yake sakafuni pana unga mweupe. Kila mtu anayepita na ndoo akigusa pale, unga unaongezeka. Mtoto anaupangusa kwa mkono. Kukiacha kitu cha namna hiyo kwa sababu tu wazee waliishi humo miaka 50 bila kuugua ni kubahatisha, maana ugonjwa unaokuja baada ya miongo haumwambii mtu umetoka nyumba gani.

Upande wa pili nao unasema kweli, na nadhani wengi hawaupi nafasi inayostahili. Walioumizwa zaidi na asbesto duniani ni waliofanya nayo kazi: wachimbaji, wajenzi wa meli, mafundi wa maboila, na wake zao waliokuwa wakifua nguo zao za kazi. Kizuia joto kizima, kilichofunikwa vizuri, kisichoguswa na mtu, hakirushi nyuzi za kutisha. Siku kinapobanduliwa kwa nyundo na patasi, ndani ya chumba kisicho na dirisha kubwa, kinaweza kutoa vumbi kuliko kilichotoa kwa miaka mingi kikiwa kimetulia. Ndiyo maana hata Uingereza, pamoja na marufuku yake, asbesto iliyo katika hali nzuri kwenye majengo huruhusiwa kubaki mahali pake, ikiandikwa na kukaguliwa mara kwa mara.

Halafu tujiulize nani atakayebandua. Hapa kwetu ni fundi aliyeitwa kwa simu, analipwa kwa siku, na kijana wake wa kumsaidia. Barakoa, kama ipo, ni ile ya kitambaa iliyobaki tangu wakati wa korona, na haizuii nyuzi hizi. Bomba la chuma lina soko kwa wanunuzi wa chuma chakavu, kwa hiyo kijana anakaa nalo uani, analigonga mpaka kizuia joto chote kitoke, kisha anafagia. Jioni nguo zake zinaingia kwenye beseni moja na za watoto. Mwenye nyumba anabaki na bafu safi, na hatari imehamia kwa fundi na familia yake. Hili ndilo linalonikera kuliko yote katika mjadala huu. Tunauliza kama nyumba ni salama, hatuulizi kama fundi atakuwa salama.

Kwa hiyo mimi naegemea upande wa kuacha, lakini kuacha huko kuwe na kazi ndani yake. Kitu kisichopimwa kichukuliwe kuwa ni asbesto. Palipochanika pafunikwe bila kukwanguliwa: palowanishwe kwa maji yenye sabuni kidogo, pafungwe kitambaa kilicholowekwa kwenye gundi au rangi nzito, na unga ulio sakafuni ufutwe kwa tambara bichi, usifagiwe. Tambara lenyewe liingie kwenye mfuko wa nailoni na kufungwa. Mistari mipya ya maji ipitishwe kwingine, bomba la zamani likatiwe maji na kubaki ukutani bila kazi. Mara nyingi hiyo ni nafuu kuliko kulichimbua.

Udhaifu wa msimamo huu naujua: nyumba za kupanga hazina kumbukumbu. Mpangaji anaondoka, mwenye nyumba anafariki, warithi wanauza, na fundi wa miaka kumi ijayo anaingia na nyundo bila habari. Maandishi ya rangi kwenye bomba lenyewe, "ASBESTO, USIBANDUE", na mstari mmoja kwenye mkataba wa pango vingesaidia sana, wala havigharimu kitu.

Pale ambapo haiwezekani kuacha, kwa mfano ukuta unavunjwa au kizuia joto chote kimeoza, bomba linaweza kuondolewa bila kuvuliwa. Linaloweshwa, linafungwa nailoni nzito tabaka mbili, linakatwa sehemu zisizo na kizuia joto, na vipande vinatoka vikiwa vimefungwa. Anayefanya hivyo awe amefundishwa na awe na barakoa yenye kichujio cha vumbi laini, na chuma hicho kisipelekwe kwenye chakavu. Taka za aina hii zinasimamiwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na pa kuanzia ni NEMC, baraza la taifa la mazingira. Kwa usalama wa wafanyakazi kuna OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi.

Ugumu ni kwamba mtu wa Tabora mwenye bomba la mita nne hawezi kukodi kampuni kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800, kwa mzigo unaoingia kwenye bajaji. Mkimwambia afuate utaratibu bila kumpa pa kupeleka, atautupa usiku kwenye korongo. Manispaa ikitenga shimo moja lililoidhinishwa na siku moja kwa mwaka ya kukusanya mizigo midogo ya nyumba nyingi kwa pamoja, na gharama ya gari ikagawanywa, wenye nyumba wengi wangejitokeza. Shirika la reli, lenye kota nyingi za umri huo, lingekuwa la kwanza kunufaika.