Simu ya hatari, mbona mnanizungusha?

Mtengenezaji ameshatangaza hadharani: zimeni simu, rudisheni, betri inaweza kuwaka. Nikaenda kwa kampuni ya mtandao iliyoniuzia. Mhudumu, macho kwenye kompyuta, akasema mzigo mpya haujafika. Niliporudi, mwenzake akanituma kwa mtengenezaji, na mtengenezaji akanirudisha kwao. Jamani! Simu imezimwa, imekaa tu kwenye droo, lakini makato ya mkataba yanaendelea kama kawaida. Tena wanadai boksi na risiti, wakati namba ya IMEI, ile inayotambulisha kila simu, wanaiona hapo hapo mbele yao! Mwaka 2016 hata baadhi ya simu za Samsung Galaxy Note7 zilizotolewa kama mbadala ziliwaka moto. Sasa nikisema sitaki simu nyingine, nataka pesa yangu, mnanishangaa nini?