Sayansi Isifundishwe kama Orodha ya Majibu

Mwanafunzi anayejua kwamba Dunia hulizunguka Jua, lakini asiyeweza kueleza kwa nini wanaastronomia hodari walilipinga wazo hilo, amepokea jibu bila kupokea sayansi iliyolizaa. Wapinzani wa Copernicus, mwanaastronomia aliyelichapisha wazo hilo mwaka 1543, walikuwa na hoja nzito: kama Dunia inasafiri, nyota zilizo karibu zingeonekana zikihama kidogo kila mwaka, na badiliko hilo halikupimwa kwa uhakika hadi mwaka 1838, mwanaastronomia Bessel alipofanikiwa. Kitabu kinachowachora watu hao kama wajinga kinaficha jinsi ushahidi unavyopimwa.

Mfano ninaouthamini zaidi ni wa mwanaastronomia Mfaransa Le Verrier. Mwendo wa sayari ya Uranus ulipoonekana kwenda kinyume na hesabu za kanuni za uvutano za Newton, hakuzitupa kanuni hizo, bali alikadiria mahali ilipo sayari isiyojulikana iliyokuwa ikiivuta Uranus, na mwaka 1846 mwanaastronomia Galle, akiwa Berlin, akaiona sayari hiyo, Neptune, karibu kabisa na mahali palipotajwa. Mwaka 1859 Le Verrier huyohuyo, alipokuta hitilafu katika mwendo wa sayari ya Utaridi, alitumia hoja ileile na kupendekeza kuwapo kwa kitu kingine karibu na Jua. Sayari hiyo, iliyopewa jina la Vulcan, ilitafutwa kwa miongo mingi bila kupatikana, hadi Einstein mwaka 1915 alipoieleza hitilafu hiyo kwa nadharia mpya ya uvutano.

Hapo ndipo falsafa inapoingia darasani bila kulazimishwa. Uchunguzi unapopingana na nadharia, tuiache nadharia au tutafute sababu iliyofichika? Hakuna kanuni ambayo ingemwonyesha Le Verrier mapema tofauti kati ya visa hivyo viwili, ingawa vyote vilikuwa na sifa moja njema, kwamba vilisema wapi pa kutazama.

Walimu watasema, kwa haki, kwamba mtaala umejaa. Siombi somo jipya, wala ngano za tufaha la Newton, ambazo hazimfundishi mtu kufikiri. Naomba kisa kimoja au viwili kwa mwaka, vifundishwe kwa kina, na mtihani uthubutu kuuliza: ungekuwa mwanaastronomia mwaka 1860, ungeikubali Vulcan, na kwa ushahidi gani ungebadili msimamo wako?